Kuhamia Phoenix: mkae upande gani wa mji?

Msomaji mmoja ameniandikia kutoka Minneapolis. Ni muuguzi, na amepata kazi katika hospitali iliyo katikati ya Phoenix, Arizona, zamu ya usiku, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Mume wake ni fundi, ameajiriwa kwenye kiwanda cha chipu za kompyuta cha TSMC kaskazini mwa mji, zamu ya mchana. Wana watoto wawili, wa miaka 11 na 7, na yule mdogo ana pumu. Ameandika hivi:

"Kaka, kila mtu ana mtaa wake anaousifia. Wengine wanasema Gilbert ndiko kuzuri kwa familia, shule nzuri. Binamu yangu yuko Buckeye, anasema huko nyumba ni kubwa na bei nafuu. Mwingine anatuambia Surprise. Tulikuja Februari kwa siku nne, tukapapenda kote. Tunataka mahali salama, na ikiwezekana penye Waafrika wenzetu. Tukae wapi?"

Dada,

Hongera wewe na shemeji kwa kupata kazi mji mmoja, maana familia nyingi hazijaliwi hivyo. Katika barua yako kuna neno moja nataka tulianzie, nalo ni Februari.

Mwezi huo Phoenix humdanganya kila mgeni. Mchana joto ni nyuzi 22 au 23 za Selsiasi, michungwa iko karibu kuchanua, watu wanakula nje. Ukija wakati huo mitaa yote ni mizuri kweli. Tofauti kati ya mtaa na mtaa, na hata kati ya nyumba na nyumba ya jirani yake, hujitokeza kuanzia Juni. Mwaka 2023 joto lilifika au kupita nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo, tangu Juni 30 hadi Julai 30. Mwaka uliofuata zilihesabiwa siku 113 mfululizo za nyuzi 38 kwenda juu, ambazo kwa kipimo cha Wamarekani ndizo mia moja. Usiku nao hauleti nafuu: Julai ile ya 2023 kuna siku joto halikushuka chini ya nyuzi 36 usiku kucha. Katika kaunti ya Maricopa, yaani Phoenix na miji inayoizunguka, vifo 645 vya mwaka ule vilihusishwa na joto.

Sikutajii hayo ili kukutisha. Mmeishi Minnesota, mnajua majira yanayoweza kumuua mtu aliyefungiwa nje. Hapa majira hayo huingia Juni na kuondoka mwisho wa Septemba, na nyumba utakayochagua ndiyo koti lako.

Mimi mwenyewe nilipofika hapa nilipanga nyumba mwezi wa Februari. Niliipenda kwa dirisha kubwa la chumba cha nyuma lililotazama machweo, na chumba hicho tukampa mtoto. Ilipofika Julai, saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kikinguruma bila kupumzika, kipimajoto kidogo kilichokuwa juu ya kitanda chake kilisoma nyuzi 33. Nikaweka kiganja ukutani, nikakiondoa haraka. Ukuta ulikuwa kama chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Kisha Jumamosi moja usiku kiyoyozi kikafa kabisa, na aliyetupangisha hakuleta fundi mpaka Jumanne. Siku hizo tatu tulilala sote sebuleni chini ya feni, mtoto tumemfunika taulo lililoloweshwa, mama yake akiamka kila saa kulilowesha tena. Leo nina miaka mingi katika kazi ya uwakala wa nyumba, na sijawahi kumpeleka mtu kuona nyumba asubuhi.

Sasa, kabla ya mtaa, tuzungumze barabara.

Phoenix yenyewe ilikuwa na watu milioni 1.6 katika sensa ya 2020. Lakini imeshikana na miji mingine inayojitegemea: Mesa yenye watu zaidi ya nusu milioni, Chandler, Gilbert, Tempe na Scottsdale upande wa mashariki, Glendale, Peoria, Surprise, Goodyear na Buckeye upande wa magharibi. Jumla ni karibu watu milioni 5 katika bonde moja, na wenyeji huliita Bonde tu. Mtu akikuambia Gilbert ni kuzuri anasema kweli. Swali ni kuzuri kwa nani, anayefanya kazi wapi. Gilbert iko kusini mashariki. Kiwanda cha shemeji kiko kaskazini, karibu na pale barabara kuu ya I-17 inapokutana na Loop 303. Atalivuka Bonde zima kila asubuhi, zaidi ya kilomita 60 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwenye foleni. Angekuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha chipu cha Intel kule Chandler, jirani na Gilbert, ningekuambia Gilbert bila kufikiri mara mbili. Kwa kazi aliyopata, iondoe kwenye orodha, shule zake ziwe nzuri namna gani.

Kuna jambo jingine ambalo ramani haikuonyeshi, nalo ni jua la barabarani. Barabara nyingi za Bonde zimenyooka kama rula, ama mashariki na magharibi, ama kaskazini na kusini. Anayeishi magharibi na kufanya kazi ya mchana mashariki huendesha akitazamana na jua asubuhi, na jioni akirudi hutazamana nalo tena. Simama kando ya I-10 asubuhi, pale inapotoka Buckeye na Goodyear kuelekea mjini, uone maelfu ya magari yanavyosogea pole pole, kila dereva ameshusha kinga ya jua na kukunja uso, taa za breki za gari la mbele hazionekani vizuri. Anayeishi mashariki ya kazi yake, jua humwangaza kisogoni nyakati zote mbili. Kwa wateja wengi mimi huianza orodha hapo.

Wewe, dada, zamu yako inageuza hesabu hii. Ukiishi magharibi, utakwenda kazini jioni jua likiwa nyuma yako, na utarudi asubuhi jua likiwa nyuma yako vilevile, huku foleni yote ikikupita upande wa pili. Kwa hiyo binamu yako wa Buckeye hakukupoteza. Kinachonizuia ni umbali. Buckeye ya mjini iko zaidi ya kilomita 50 kutoka katikati ya Phoenix, na wewe utakuwa umesimama wodini kwa muda wa saa kumi na mbili. Muuguzi anayerudi nyumbani baada ya zamu ya usiku, adui yake ni usingizi. Nina kanuni niliyojiwekea kwa wateja wa zamu ya usiku: kurudi nyumbani kusizidi dakika 35. Si sheria ya mtu, lakini sijaona sababu ya kuiacha.

Surprise kwa shemeji kunafaa, kwa kuwa Loop 303 inapita pale na kumpeleka moja kwa moja. Kwako si hivyo. Njia fupi ya kutoka Surprise kwenda katikati ya mji ni Grand Avenue, inayokata mji kimshazari sambamba na reli, na ina taa nyingi za kusimamia. Ukiwa na usingizi, kila taa nyekundu ni mtihani.

Basi mimi ningetazama ukanda wa I-17: Deer Valley na Norterra, ambazo ziko ndani ya mipaka ya Phoenix yenyewe, kaskazini mwa Glendale eneo la Arrowhead, na sehemu ya Peoria iliyo karibu na Loop 101. Angalia mnavyokwenda mkiwa hapo. Asubuhi mji mzima unashuka kusini kuelekea katikati. Shemeji anapanda kaskazini, na wewe unarudi kaskazini. Jioni mji unapanda kaskazini. Wewe unashuka kusini, na shemeji anashuka kusini. Nyote wawili mnakwenda kinyume cha foleni kubwa, asubuhi na jioni. Na kwa kuwa I-17 inakwenda kaskazini na kusini, jua linawapiga ubavuni badala ya machoni. Kiwanda kimeongeza magari yanayokwenda kaskazini asubuhi, hilo ni kweli, lakini bado si sawa na kinachotokea upande wa pili. Deer Valley mpaka katikati ya mji ni kama kilomita 30.

Hapo tumepata eneo. Nyumba ni jambo jingine, na kwako ni gumu kuliko kwa mtu mwingine kwa sababu utalala mchana.

Fikiria siku yako. Unafika nyumbani karibu saa mbili asubuhi, unalala saa tatu, unaamka saa kumi. Hizo ndizo saa ambazo jua linaipika nyumba. Chumba chenu kikiwa upande wa magharibi, mwishoni mwa usingizi wako ukuta utakuwa umekwishashika moto, na kiyoyozi kitakuwa kinashindana nao. Tafuta nyumba ambayo mbele na nyuma yake vinatazama kaskazini na kusini, na chumba cha kulala kiwe kaskazini au mashariki. Chumba cha mashariki hupata jua la asubuhi, lakini mchana ukuta unapoa wakati wewe uko katikati ya usingizi. Upande wa magharibi waachie gereji, bafu, stoo. Kama nyumba ina dirisha kubwa la magharibi na nje hakuna mti wala kibaraza chenye paa, usiishangilie mandhari yake.

Kisha kelele. Magharibi mwa Glendale kuna kambi ya jeshi la anga ya Luke, ambako marubani wa ndege za F-35 hufundishwa, na mafunzo mengi hufanyika siku za kazi, mchana. Waishio Litchfield Park, Waddell na baadhi ya mitaa ya Goodyear, El Mirage na Surprise wanazijua vizuri. Kwa mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, si tatizo kubwa. Kwako ni sawa na kulala chini ya radi. Na nisikufiche upande wangu: Deer Valley nayo ina uwanja wake wa ndege ndogo, miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi sana za ndege ndogo Marekani, na wanafunzi wa urubani huzunguka angani siku nzima. Ni mlio mdogo kuliko wa jeti, lakini haukatiki. Chagua mtaa ulio mbali na mwisho wa njia za kurukia, na usichukue neno la mtu yeyote katika hilo, langu likiwemo.

Wakati wa joto pia, wafanyakazi wa bustani huanza kazi alfajiri ili wamalize kabla jua halijakaza, na mafundi ujenzi hivyo hivyo. Mtaa mpya ambao nusu ya viwanja bado vinajengwa utakuwa na matrekta kwa miaka miwili au mitatu. Kwa usingizi wako ni mbaya. Kwa kifua cha mpwa wangu ni mbaya zaidi, na hapa naomba unisome polepole.

Udongo wa jangwa hili una kuvu aitwaye Coccidioides. Udongo unapochimbuliwa au kupeperushwa, mbegu zake huingia mapafuni na kuleta ugonjwa unaoitwa hapa Valley fever, yaani homa ya bonde: kikohozi, homa, uchovu unaodumu wiki nyingi. Wagonjwa wengi wanaoripotiwa Marekani wako Arizona na California. Wengi hupona wenyewe. Lakini imeonekana kwamba watu wenye asili ya Afrika na wale wenye asili ya Ufilipino wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kutoka mapafuni na kuenea mwilini. Wewe ni muuguzi wa Minnesota, pengine hujawahi kuuona, na hata hapa mara nyingi huanza kutibiwa kama nimonia ya kawaida. Mmoja wenu akikohoa wiki mbili bila kupata nafuu, omba kipimo cha damu cha homa ya bonde kwa jina lake. Na usipange nyumba mpya kabisa pembezoni mwa mji, ambako upande wa pili wa uzio kuna tingatinga. Mtaa wenye umri wa miaka 20 au 30, wenye miti iliyokwishakomaa na barabara zilizokwishatiwa lami, ni bora kwa mtoto mwenye pumu, hata kama jiko lake si la kisasa. Hii nayo ni sababu ninapendelea Arrowhead na Deer Valley kuliko Buckeye. Buckeye ilitoka watu karibu 51,000 mwaka 2010 hadi zaidi ya 91,000 mwaka 2020, na mji unaokua hivyo hauachi kuchimba.

Vumbi jingine ni la dhoruba. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa masika ya hapa. Mawingu ya radi yanapoporomoka, upepo wake hukwangua mashamba makavu, mara nyingi ya kusini mashariki katika kaunti ya Pinal, na ukuta wa vumbi huja juu ya mji. Wanauita haboob. Ule wa Julai 5, 2011 uliufunika mji mzima jioni moja. Miji ya kusini mashariki, kama Queen Creek, Gilbert na Chandler, mara nyingi huupata mwanzo, na kaskazini huupata ukiwa umepungua, ingawa si kila mara. Ukuta huo ukikukuta barabarani, toka kabisa nje ya njia, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki, usubiri. Anayekuja nyuma asije akafuata taa zako akidhani bado unakwenda. Siku za kawaida za kiangazi, mchana, hewa ya chini huwa na ozoni nyingi. Mpwa acheze nje asubuhi na mapema, kisha ndani. Nyumba isiwe imepakana na barabara kuu, hata kama nimezisifu barabara hizo hapo juu. Kilomita moja au mbili zinatosha.

Umeme. Hapa huchagui kampuni, eneo ndilo linakuchagulia. Gilbert na sehemu kubwa ya Chandler ni SRP. Surprise, Buckeye, na sehemu kubwa ya kaskazini ambako nawaelekeza, ni APS. Katika mipango ya APS inayotoza kwa saa, umeme ni ghali siku za kazi kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku, na saa nyingine ni nafuu. Zamu yako inakusaidia. Mpoze nyumba vizuri wakati umelala, kisha saa kumi ukiamka pandisha kiyoyozi nyuzi mbili tatu mpaka saa moja. Kabla ya kusaini chochote, omba bili za nyumba hiyo hiyo za Julai na Agosti mwaka uliopita. Mwenye nyumba asiyetaka kuzionyesha amekwishakujibu. Soma pia kibandiko kilicho kwenye mashine ya kiyoyozi nje au juu ya paa, kina tarehe ya kutengenezwa. Jua la hapa huzichosha mashine hizo, na yenye miaka kumi na tano ni mzee anayesubiri Julai.

Mkipanga ndani ya mipaka ya jiji la Phoenix, kanuni ya jiji inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha awe na kiyoyozi kinachoweza kushusha joto hadi nyuzi 28, ambazo ni 82 za Fahrenheit. Ningekuwa naijua kanuni hiyo ile Jumamosi yangu, ningeandika barua usiku ule ule. Kodi ya miji iliyokuwa ikiongezwa juu ya pango nayo ilifutwa tangu Januari 1, 2025; ukiiona kwenye mkataba, uliza.

Maji najua yanakutia wasiwasi, kwa sababu kila gazeti linaandika kwamba Arizona inakauka. Mji wenyewe unapata maji kutoka mito ya Salt na Verde, kutoka mto Colorado kupitia mfereji mrefu wa CAP, na kutoka chini ya ardhi. Tangu sheria ya 1980, anayetaka kuuza viwanja vipya katika eneo hili lazima aonyeshe maji ya kutosha miaka 100. Juni 2023 jimbo lilitangaza kwamba hesabu ya maji ya ardhini haitoshi, na halitatoa vibali vipya kwa mitaa itakayotegemea maji hayo peke yake. Walioguswa zaidi ni wajenzi wa pembezoni, hasa Buckeye na Queen Creek. Nyumba zilizokwishapata vibali hazikuguswa. Phoenix, Peoria na Glendale zina hadhi ya maji ya uhakika kwa mji mzima, kwa hiyo katika eneo ninalokuelekeza hutakuwa na la kuuliza zaidi ya bili.

Ila siku mtakapotaka kununua, mkaona nyumba kubwa ya bei nafuu jangwani, nje ya mipaka ya mji wowote, kumbukeni Rio Verde Foothills. Ni eneo la karibu na Scottsdale, nyumba za thamani, watu wenye uwezo. Viwanja vilikuwa vimegawanywa vidogo vidogo kwa namna ambayo sheria ya miaka 100 haikuvibana. Visima vilipokauka, wengi wakawa wananunua maji ya malori yanayojazwa Scottsdale. Januari 1, 2023 mji wa Scottsdale ukasimamisha kuyajaza, kwa kuwa wale si wakazi wake. Watu wakawa wanaoga kwa kuhesabu na kula kwenye sahani za karatasi katika nyumba za mamilioni, mpaka jimbo likatunga sheria ya kupata ufumbuzi wa muda. Uliza swali moja tu mbele ya nyumba yoyote: nani anayeleta maji hapa, na jina lake liko kwenye bili gani?

Umeniuliza mahali salama penye Waafrika wenzenu. Hapa, dada, leseni yangu inanibana, na sheria yenyewe ni nzuri. Sheria ya shirikisho ya 1968 ya haki katika makazi inamkataza wakala kumwelekeza mtu mtaa kwa rangi, asili, dini au hali ya familia yake, hata akiombwa kwa nia njema. Ilitungwa kwa sababu mawakala waliwahi kuitumia njia hiyo hiyo kuwafungia watu nje. Nikuonyeshe mnavyoweza kujua wenyewe. Usalama: idara za polisi huweka hadharani takwimu za uhalifu kwa mtaa, zisome, kisha mpite mtaani Ijumaa saa nne usiku, muone taa, muone nani yuko nje na anafanya nini. Wenzenu: nendeni kanisani au msikitini mnakotarajia kusali, wiki ya kwanza tu, muulize wanakaa wapi na wanafikaje.

Na usilifanye la wenzenu kuwa la starehe tu. Kuna pengo katika ratiba yenu ambalo sijaona kama mmeligundua. Zamu ya shemeji ikianza saa moja asubuhi, anatoka nyumbani kama saa kumi na mbili na nusu. Wewe unafika saa mbili. Kwa saa moja na nusu watoto wako peke yao, siku ambazo umefanya zamu, na ndiyo saa ya kuvaa sare, kula na kuwahi basi. Jambo hili lina uzito kwangu kuliko ukubwa wa jiko. Ulizeni shule inapokea watoto saa ngapi kabla ya masomo, na kama kuna jirani au mama wa kanisani wa kuwaangalia. Kila kilomita unayoipunguza kati ya hospitali na nyumba inapunguza pengo hilo.

Kuhusu shule, jueni kwanza kwamba masomo hapa huanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, si Septemba kama mlivyozoea. Mkija mwishoni mwa Agosti watoto watakuwa wamekosa wiki kadhaa. Mipaka ya wilaya za shule haifuati mipaka ya miji: nyumba yenye anwani ya Glendale au Peoria inaweza kuwa chini ya wilaya ya Deer Valley. Arizona inaruhusu kumwandikisha mtoto nje ya eneo lake panapokuwa na nafasi, ila basi la shule mara nyingi halitamfuata. Na kwa kuwa watoto wanapungua katika mitaa ya zamani, baadhi ya wilaya zinafunga shule; Paradise Valley iliamua kufunga tatu mwaka 2024. Ulizeni kama shule mnayoipenda iko kwenye mazungumzo hayo. Tazameni pia kituo cha basi, kama kina kivuli.

Habari za HOA, kile chama cha wamiliki kinachosimamia mitaa mingi hapa, someni kanuni zake kabla ya kusaini, hasa za maegesho. Basi, inatosha.

Pangeni mwaka mmoja, msinunue. Na nauli mliyoitenga kwa ajili ya kuja tena kuangalia, msiitumie Aprili. Njooni wiki ya kwanza ya Julai, siku mbili tu. Shemeji aendeshe mpaka kiwandani saa ambayo ataendesha kila siku, nawe uendeshe kutoka hospitali saa moja na nusu asubuhi. Jioni saa mbili na nusu, jua likishazama, chukueni tochi ya UV, ile yenye mwanga wa zambarau, mpite kando ya uzio wa matofali nyuma ya nyumba: nge huwaka kijani chini ya mwanga huo, na kaskazini karibu na vilima wapo. Mkiona mmoja, ni kawaida. Mkihesabu kumi, tafuteni nyumba nyingine, au mtenge pesa ya mtu wa dawa kila mwezi.

Lakini kabla ya hayo, siku ya kwanza, mwambie wakala akufungulie nyumba saa nane mchana. Ingia chumba utakacholala, weka kiganja kwenye ukuta wa nje, kisha funga mapazia na umwombe akuache humo peke yako. Laza mkeka sakafuni, ulale dakika ishirini, simu ikiwa imezimwa. Sikiliza ndege zinapita mara ngapi, kiyoyozi kinazima au hakizimi, na kama mwangaza unapenya pembeni ya mapazia.